Kesi ya Matikiti ya Wote

"Nije nisije?"

"Njoo!"

"Nije na nini?"

"Na ngano tupu, uongo uache nyumbani!"

Nitakuja na vyote viwili, maana mkivitenganisha mtaondoka bila kusikia kitu. Kaeni vizuri. Wewe unayekohoa, maliza kabisa.

Hapo kale, kale sana, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, wanyama walikuwa na shamba la matikiti. Walilima wote, wakapalilia wote, wakakubaliana kwamba hakuna kugusa tikiti hata moja mpaka kiangazi, visima vikikauka. Mnajua makubaliano ya wote yanavyoheshimiwa.

Siku moja saa saba mchana, wanyama wamejilaza kivulini, Kenge alimwendea Kiboko. "Bwana Kiboko, mimi nina akili, wewe una mdomo. Twende tukale matikiti." Kiboko akasema, "Twende." Hakuuliza swali la pili. Hata la kwanza hakuliuliza.

Njiani wakamkuta Kanga, yule ndege mwenye madoadoa, akiparura chini na vifaranga wake sita. Kenge akamwambia, "Dada Kanga, una sauti nzuri. Panda kwenye kichuguu kile, ukiona mtu anakuja, piga kelele. Tutakukumbuka." Kanga alikuwa na njaa, na watoto walikuwa na njaa. Akapanda.

Kiboko akala. Kenge akala. Kiboko akala tena, na tena, mpaka nusu ya shamba ikabaki majani. Na Kanga walimkumbuka kweli: alipewa mbegu saba zilizodondoka mdomoni mwa Kiboko.

Kesho yake kukawa na uchunguzi. Nyayo kubwa kama sufuria za harusini zilitoka shambani zikaenda moja kwa moja hadi bwawani. Wachunguzi wakazitazama, wakatikisa vichwa, wakaenda kumkamata Kanga. Alikuwa karibu, tena mwepesi kubeba. Kanga hakuficha kitu. Alisema yote, akawataja wenzake, ndipo nao wakaletwa.

Hakimu alikuwa Nyani. Alikaa juu ya jiwe kubwa, jiwe alilolipenda kuliko mama yake mzazi, na chini yake alikaa karani, Kobe. Nyani alikuwa na sheria moja tu, kwa kuwa mbili zingemchosha: "Kosa moja, adhabu moja!" Akishasema hivyo, wanyama wote huitikia, "Haki hiyo!" Haya, semeni nanyi.

"Haki hiyo!"

Vizuri. Mngefaa sana kwenye baraza lile.

Nyani akasema, "Mmeiba pamoja, mtaadhibiwa pamoja. Kila mmoja atasimama bwawani siku tatu, katikati, penye kina. Sawasawa, bila upendeleo."

Kiboko machozi yakamtoka. "Mheshimiwa, siku tatu tu? Kwa kosa kubwa namna hii? Niongezee hata mwezi!" Kenge, aliyekuwa na nyumba yake ukingoni mwa bwawa hilo hilo, akainamisha kichwa kwa majuto makubwa, akapiga miayo.

Kanga akapiga magoti. "Mheshimiwa, mimi sikupanga wala sikupasua tikiti. Nilitazama tu."

"Kosa moja, adhabu moja!"

"Haki hiyo!"

"Mheshimiwa, wenzangu walikula nusu ya shamba. Mimi nilipata mbegu saba."

"Kosa moja, adhabu moja!"

"Haki hiyo!"

"Mheshimiwa, mimi ndiye niliyekiri. Tena sijui kuogelea. Nitakufa siku ya kwanza, na watoto wangu sita nani atawalea?"

Nyani akafikiri. Alifikiri muda wote wa kujikuna kwapa moja. Kisha akasema, "Ukifa siku ya kwanza, hizo mbili zilizobaki tutakusamehe."

Wanyama wakaitikia, lakini safari hii sauti zilipungua. Vifaranga walikuwa wanalia kwa uchungu chini ya jiwe, na hakuna aliyetaka kuwatazama.

Kanga akasukumwa bwawani. Maji yakamfika miguuni. Yakamfika tumboni. Akageuka.

"Mheshimiwa, kabla sijafa nataka kuielewa sheria. Katika kosa moja, wanahesabiwa nani na nani?"

Nyani alipenda kuulizwa kuliko alivyopenda ndizi. Akainuka kifua mbele. "Aliyepanga, aliyeiba, aliyelinda, na aliyekula! Hata aliyekula kipande! Andika, karani!"

Kobe akaandika.

"Basi kuna mmoja bado yuko nchi kavu," akasema Kanga. "Mimi niliwekwa juu ya kichuguu nitazame, nikatazama. Niliona tikiti kubwa kuliko yote likipelekwa nyumbani kwako. Ulilipokea kwa mikono miwili, ukalila mlangoni."

"Uongo!" akafoka Nyani. "Ndege huyu ana chuki na baraza!"

Kiboko akainua kichwa majini, mwenye furaha na asiye na neno na mtu. "Si uongo, Mheshimiwa. Nilikuletea mwenyewe. Hata ukasema ni tamu kuliko lile la mwaka jana. Karibu ndani, maji leo mazuri sana."

Nyani akayatazama maji.

"Lakini mimi sikupanga!"

"Kosa moja, adhabu moja!" wakapaza sauti wanyama.

"Nilikula moja tu!"

"Kosa moja, adhabu moja!"

"Jamani, sijui kuogelea!"

"Haki hiyo!"

Basi hapo, ndugu zangu, Nyani akapata elimu ya ghafla. "Ngojeni, ngojeni. Sheria ni pana. Nimekumbuka sasa hivi kwamba kila mmoja hupimwa kwa alichofanya, alichopata, na mwili wake unaweza kubeba nini. Kanga, toka majini. Utapanda mbegu saba na kuzipalilia. Kenge, wewe ndiye uliyepanga. Utalima shamba zima misimu mitatu, bila kuonja. Kiboko, utabeba maji ya kumwagilia, na bwawani hutaingia ila kwa kuchota."

Kiboko akalia tena, sasa kwa dhati. Ilikuwa hukumu nzuri, sikatai. Hajawahi kutoa nyingine kama hiyo.

"Na wewe je?" akauliza Kobe.

"Mimi nimejipa onyo kali," akasema Nyani. Akajikunjia uso, akajisamehe, akakaa.

Hakuna aliyeitikia. Wanyama wakamshika miguu wamtoe kwenye jiwe. Wakavuta mara ya kwanza, akang'ang'ania. Wakavuta mara ya pili, akang'ang'ania. Mara ya tatu akang'oka, manyoya ya makalio yakabaki kwenye jiwe, na mpaka leo hayajaota. Akapewa jembe, akaenda kulima ubavuni mwa Kenge.

Funzo lake ni hili: waliokosa pamoja hawakukosa sawa, na bwawa linalomwogesha kiboko humzamisha kanga. Mwenye kuhukumu alijue hilo mapema, asisubiri kulijua siku atakaposukumwa majini yeye.

Ngano nimeitua hapo. Anayeitaka aibebe. Anayeona imemgusa, ajipapase nyuma kwanza.