Mlima na Paa la Shemeji

Jicho halili sahani mbili.

Mmemsikia Mama Joeli akimwambia Yese hivyo asubuhi hii, alipomkuta anapamba ukumbi wa harusi kwa kila rangi iliyoko dukani, nanyi mkacheka mkidhani kijana amesutwa kwa ulafi. Wala hakusutwa kwa ulafi. Na kwa kuwa mmeniuliza neno hilo limetoka wapi, kaeni vizuri. Hili si la enzi za mababu. Lilizaliwa hapahapa Kwevumo, na aliyelizaa ni mwanamke mwenye kamera.

Jina lake Nakundwa. Alikuwa mjane aliyestaafu upishi wa shule, na binti yake alipomletea kamera, aliipenda kama mtoto wa uzeeni. Angekuwa anapiga harusi na ubatizo, hakuna ambaye angemsema. Lakini yeye alipiga milima. Alipiga ukungu, mabonde na miamba, na kijiji kizima kikamshangaa, maana kwetu picha isiyo na mtu watu huuliza ni ya nani. Walimtania kisimani na kanisani. Yeye aliwajibu kwamba mlima nao una sura, tena hauombi kupigwa upya kwa sababu umefumba macho.

Basi zahanati yetu ilipokamilika, chumba cha kusubiria kilikuwa na ukuta mmoja mkubwa, mweupe, mtupu. Kamati ilikuwa imeshapata picha ya kuutundikia. Mnazijua picha zile: mlima wa Ulaya wenye theluji, ziwa la buluu, nyumba ya mbao na maua madirishani. Nakundwa alipoiona, moyo ulimuuma. Aliuliza iweje mtu wa Kwevumo akae na homa yake akitazama baridi ya watu wengine, na milima tunayo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa shemeji yake, Kiangi, mdogo wa marehemu mumewe. Wajumbe walitaka kucheka, Kiangi akawazuia. Aliwaambia wampe mama huyu nafasi alete picha moja, nayo ikiwapendeza itundikwe. Isipowapendeza, theluji ipande ukutani na yeye asitie neno tena. Kwa hiyo alikuwa ameweka heshima yake rehani kwa ajili ya shemeji yake, na Nakundwa alilijua hilo. Aliapa kwamba akishindwa ataifungia kamera sandukuni, asiwe tena bibi wa kuchekwa.

Alishindwa, jamani. Alishindwa kwa wema.

Habari zilipoenea kuwa anapiga picha ya zahanati, kila mtu alitaka kwake kuonekane. Huyu alimkumbusha kanisa, yule msikiti, mwingine mashine ya kusaga. Kiangi mwenyewe alikuwa ametoka kuezeka bati la buluu, na alimwambia kwa upole, kama mtu asiyetaka kusumbua, kwamba ukisimama kilima cha pili lile paa hupendeza sana. Nakundwa hakutaka kumwacha mtu. Akapanda kile kilima, akarudi nyuma, akapanda tena, mpaka vyote vikaenea kwenye picha, pamoja na mnara wa simu.

Picha ilipotoka studio mjini na kuwekwa mezani, wajumbe waliiinamia kwa furaha, kila mmoja akatafuta paa lake kwa kidole. Walipokwisha kuyaona mapaa, waliinua vichwa. Hapakuwa na kingine cha kutazama. Mjumbe mmoja, yule aliyeipenda theluji, akauliza kwa sauti ya chini mlima wenyewe uko wapi. Ulikuwepo, kule juu kabisa, mwembamba kama mstari wa penseli. Kiangi aliona haya, ila aliomba mama apewe muda mpaka siku ya ufunguzi. Wakakubali shingo upande.

Nakundwa alirudi nyumbani amejikasirikia. Aliilaza picha mezani, akachukua boksi la sabuni, akalikata vipande viwili vyenye kona, kila kimoja kama nusu ya fremu ya dirisha. Akaviweka juu ya picha vikafanya kidirisha, akaanza kuvisogeza. Alipouziba mnara wa simu, picha ikapumua. Alipoziba mashine na kanisa, ikapumua zaidi. Akaendelea kubana, huku akisita, mpaka ndani ya kidirisha kukabaki mlima wenye ukungu begani, na chini yake ndiva, lile bwawa letu la kukingia maji ya mifereji, na njia moja inayopanda. Alicheka peke yake kwa furaha. Halafu akaona nini kimebaki nje. Paa lake mwenyewe lilikuwa nje, na la Kiangi pia.

Mtu wa studio alimwambia kwamba kipande kile kikikuzwa kitatoka chenga tupu, afadhali apige upya. Hakubisha, kwa sababu sasa alijua anachokitafuta. Aliondoka asubuhi, na safari hii hakupanda, aliteremka hadi ndivani. Alichokifanya kwa boksi la sabuni akakifanya kwa miguu. Alisogea kushoto mpaka nyaya za umeme zikatoka. Alipiga magoti ili njia iingilie kwenye kona ya picha na kumpeleka mtu ndani. Mlima hakuuweka katikati kama mtu wa pasipoti, aliuegemeza upande mmoja, upande wa pili akauachia ukungu. Anga lisilo na kitu alilipunguza likabaki kidogo tu. Hapo ndipo alipobofya, na alijua ameipata.

Picha hiyo hakuipeleka kwa kamati kwanza. Aliipeleka kwa Kiangi, kwa heshima.

Kiangi aliitazama muda mrefu. "Shemeji," alisema, "kwangu kuko wapi?"

"Hakumo."

"Na kwako?"

"Nako hakumo. Nimeacha nje kwa kila mtu."

"Mimi ndiye niliyekusemea mbele ya watu. Ndiye uliyeona wa kumkata?"

Nakundwa aliweka kidole kwenye picha. "Ulinisemea nilete picha, shemeji, na picha ndiyo hii. Ile ya kwanza niliwapakulia kila kitu. Jicho halili sahani mbili. Nikikupa mlima na paa lako kwa pamoja, utakula paa, na mlima utapoa hapo mezani."

"Watu watasema."

"Waache waseme. Nitakuwepo kuwajibu."

Kiangi alimrudishia picha. Alisema neno lake alikwisha kulitoa, hivyo ataitetea kwenye kamati, lakini yeye asitarajiwe kuitazama tena. Nakundwa alilia njia nzima kurudi kwake, maana alimpenda shemeji yule na alimheshimu. Alilia, na hakubadili kitu.

Picha ilitundikwa. Siku ya ufunguzi watu waliipita bila kusimama, wengine wakinung'unika chini kwa chini kwamba wameachwa. Ila zahanati ni mahali pa kusubiri, na anayesubiri hutazama. Siku moja mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa aliinuka kwenye benchi, akausogelea ukuta, akaweka kidole pembeni mwa fremu, kwenye chokaa tupu. Akamwambia mwenzake kwamba kwao ni hapa. Mwenzake akabisha, kwao hakuwezi kuwa hapo, ashuke kidogo. Mzee mmoja akainuka kuwaamua, na yeye akaonyesha pa kwake. Ikawa ndiyo kazi ya benchi lile. Nesi alichoka kufuta alama za vidole, akaziacha. Kijiji chote kilihamia ukutani, kuizunguka picha.

Kiangi naye alifika, akiwa amemsindikiza mkwewe, mgeni wa kutoka tambarare, aliyeumia mguu. Hakumwona Nakundwa, aliyekuwa ameketi nyuma ya mlango akingoja kupimwa presha. Mgeni aliisifu picha, akauliza ni wapi. Kiangi akasimama. Aliugusa mlima, akateremka hadi kwenye ndiva, akafuata mfereji kwa kidole mpaka akatoka nje ya fremu, akaendelea ukutani karibu urefu wa mkono.

"Hapa ndipo kwangu," alisema. "Paa la buluu, limekaa peke yake, mlima mzima uko nyuma yake. Unaliona?"

Mgeni aliitazama ile chokaa, akasema analiona, tena ni zuri.

Kiangi aligeuka akiwa anatabasamu, macho yakakutana na ya Nakundwa. Mkono wake ulikuwa bado ukutani. Hakuushusha.

"Shemeji," alisema, "ungeliweka lile paa pichani, lingekuwa dogo."

Tangu siku hiyo ni Kiangi, wala si Nakundwa, aliyelitembeza neno lile kwenye vikao na harusi, kila alipoona mtu anarundika mambo mpaka hakuna linaloonekana. Yese akirudi ukumbini, mwambieni abakize rangi moja tu, na mumweleze kwa nini. Jicho, wanangu, halili sahani mbili.