Ko-ko ni ya Nani?

Paukwa!
Pakawa!
Mbona walio nyuma kimya? Paukwa!
Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, baada ya moto mkubwa, wanyama wa Bonde la Mawe walikaa barazani kutafuta mlio mmoja wa hatari. Siku ya moto Ngiri alikoroma, Pimbi akapiga mbinja, Swala akapiga kwato. Kila mmoja alisikia kelele za mwenzake. Hakuna aliyeelewa.

Wakachagua mbinja. Lakini mbinja peke yake ilifanana na ndege. Kigong'ota akashuka mtini.

"Katikati tieni ko-ko yangu. Gongeni gogo."

Wakajaribu. Fyuu! Ko-ko! Fyuu! Bonde zima likasikia.

Mama Pimbi alikuwa mdadisi, na pangoni alikuwa na watoto wadogo. Akauliza, "Bwana Kigong'ota, hiyo ko-ko unatupa au unatuazima?"

"Aa, mama!" Mzee Ngiri akamkata kauli. "Tangu lini zawadi ikaulizwa swali barazani? Mila haituruhusu."

Wakamcheka. Swali likabaki kooni.

Basi watoto wakafundishwa. Fyuu, ko-ko, fyuu, ingia shimoni! Misimu ikapita. Wakaijua kuliko majina yao.

Hapo ndipo Kigong'ota akatangaza, "Ko-ko ni yangu. Anayetaka kugonga aje kwanza aombe ruhusa. Mkigonga bila ruhusa, nitagonga ovyo kutwa nzima, tuone nani atajua hatari ni ipi!"

Wakajaribu kuibadilisha. Wakaweka kishindo cha miguu. Fyuu! Ti-ti! Fyuu! Watoto wa Pimbi wakatoka nje kucheza ngoma. Kipanga akashuka, nusura ambebe mmoja. Wakarudi kwenye ko-ko.

Asubuhi moja Pimbi aliona nyoka anapanda mti. Akafika kwenye gogo, akasita. Akigonga, Kigong'ota ataharibu mlio, na kesho watoto wake watajificha kwa mlio gani? Akakimbia, puu, puu, puu, hadi kichuguuni, Kigong'ota alikokuwa akidonoa mchwa.

"Bwana, naomba ruhusa nigonge."

"Hata salamu, mama? Haya, hatari gani?"

"Nyoka."

"Mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa, bwana!"

"Yuko wapi?"

"Anapanda mkuyu."

"Mkuyu upi?"

"Wenye tundu. Tundu lako."

Kigong'ota akaruka, prrr! Tunduni alikuwa ameacha makinda watatu, wameshaota mbawa. Wangesikia ko-ko, wangeruka. Alimkuta mmoja tu.

Baraza likakaa tena. Kigong'ota akasema mbele ya wote, "Ko-ko ni ya kila mtu. Sitaidai, wala mwanangu hataidai."

Mzee Ngiri akainamisha pembe zake. "Mila ile tuiache. Anayeleta mlio barazani ataulizwa kwanza, kabla watoto hawajafundishwa. Mama Pimbi, wewe ndiye utakayeuliza."

"Nitauliza," akasema Pimbi. "Na msinicheke."

Wadogo kwa wakubwa, shikeni hili: kitu cha kutumiwa na wote, mwulizeni mwenyewe kabla hamjakizoea. Mkishakizoea, mmechelewa.

Kesho yake kipanga alipita. Pimbi aligonga bila kumwomba mtu. Watoto wake waliingia pangoni, wote. Hadithi yangu imefika hapo, nami nimeitua hapo hapo.