Tone la Mwisho Iachie Chupa

"Tone la mwisho iachie chupa." Mmelisikia neno hili sokoni, mkacheka, mkaniuliza chupa ina haja gani na tone. Neno hili lina kwao, na siku lilipozaliwa nilikuwapo, nimeshika ufagio.

Mimi sikukaa popote muda mrefu. Mwaka huo nilikuwa nafagia maabara ya chuo kimoja cha bara. Fundi wake alikuwa Lubango, miaka kumi na minne pale. Kisha akaajiriwa binti aitwaye Tunu, akapewa kazi ya kusafisha etha, maji makali yanayodaka moto upesi kuliko petroli. Aliichemsha juu ya maji moto, mvuke ukapoa mrijani, ukadondoka safi kwenye chupa ya pili. Lakini kila mara alizima jiko chupa ya kwanza ikiwa bado na kina cha vidole viwili. Alisema etha iliyokaa sana huzaa uchafu usioruka na mvuke. Hubaki chini, na ukikauka hulipuka.

Siku mwalimu wa kemia alipoisifu etha ya Tunu mbele ya watu, Lubango chakula hakikumshuka. Akaanza kupita akisema binti anamwaga mali ya chuo. Asubuhi moja akachukua etha kuukuu, akaitega jikoni mwenyewe, na kioo cha kinga akakisogeza kando, ili mwalimu akiingia aone vizuri chupa ya pili ilivyojaa.

Tunu akaona chini ya chupa ya kwanza kumebaki kidogo.

"Kaka Lubango, zima. Tone la mwisho iachie chupa."

"Unaogopa nitakupita?"

"Naogopea macho yako."

"Macho haya yalikuwa hapa wewe hujajua kushika kalamu."

Tunu akanyoosha mkono azime. Lubango akausukuma, akainama kulitazama tone likikauka.

Mlio ulikuwa mmoja tu. Tunu ndiye aliyemwosha uso mpaka gari likaja. Mimi niliokota vigae hadi adhuhuri. Jicho la kushoto la Lubango halikurudi.

Baada ya miezi mitatu Lubango alirejea, akaomba awafundishe wanafunzi wapya yeye mwenyewe. Mmoja akamuuliza mbona hakuzima. Akamwonyesha Tunu kwa kidevu.

"Etha sikuwa na haja nayo. Nilitaka chupa yake ionekane ndogo."

Akaweka vidole viwili kwenye chupa, akapima, akazima jiko akilirudia neno la Tunu.

Wanafunzi wakatoka na neno lile, likafika hadi masokoni kwenu. Basi mkimwona mtu anakausha chupa ili ampite mwenzake, msicheke. Mwambieni mapema: tone la mwisho iachie chupa.