Majeshi ya Nyati Yalipoondoka Kwa Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, mashamba na majirani wa kugombana nao, palikuwa na kijiji cha pimbi chini ya mwamba. Pimbi ni mnyama mdogo, ukubwa wake kama sungura. Hana pembe wala kucha za kutisha. Ana mdomo tu.

Mwaka huo Chui alikuwa akiwinda watoto wa kijiji. Pimbi wakatuma ujumbe kwa Jemadari Nyati: "Tusaidie!" Nyati wakaja, gidigidi gidigidi, jeshi zima, vumbi mpaka juu ya mwamba. Chui alipoziona zile pembe alitimua mbio, na hakuonekana tena.

Mpaka hapo, wanangu, hakuna ubaya. Mtu akikusaidia, mshukuru. Pimbi wakashukuru. Wakawapikia, wakawachezea ngoma, wakawafungia mtama wa kula njiani.

Nyati wakaula mtama wa njiani, wakakaa.

Wakapiga kambi katikati ya shamba. Wakanywa kisima mpaka kikabaki tope. Wakaingia majikoni bila hodi, wakafunua vyungu, wakanusa, wakajipakulia. Na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya! Shamba halijalimwa kwa sababu limelaliwa na nyati. Mvua ikipita bila mbegu ardhini, watoto watakula nini? Mawe?

Bi Pimbi, mama wa watoto wengi na mgongo unaouma, akamfuata Jemadari.

"Shikamoo, Jemadari."

"Marahaba, mama. Leo mmepika nini?"

"Leo nimekuja kuomba uondoe majeshi. Chui amekwenda."

"Ahaa! Kuondoa majeshi!" Nyati akacheua. "Jambo zuri sana hilo. Tutaondoa. Kesho."

Kesho yake askari wakanyanyuka upande wa mashariki wa shamba, wakaenda kulala upande wa magharibi.

"Tumeondoa majeshi," akatangaza Jemadari.

"Yako wapi?"

"Si unaona? Pale hayapo."

"Yapo hapa!"

"Mama, mambo haya ni hatua kwa hatua."

Hatua ya pili, akaondoa askari walioshiba, akaleta wenye njaa. Hatua ya tatu, nusu yao wakahamia jikoni kwa Bi Pimbi, kwenye joto.

Hebu niwaulize. Mtu akitoka sebuleni kwako akaingia chumbani, ameondoka? Kuondoa majeshi ni kila askari kubeba mkuki wake, mkeka wake na tumbo lake, akarudi kwao. Kinginecho chochote kitafutiwe jina lake.

Kobe, jirani yake Bi Pimbi, alikuwa amechoka pia. "Tuwapige," akasema.

"Kwa kitu gani? Kwa mwiko?"

"Basi tufanyeje?"

"Wakubwa hawa hawasukumiki, jirani. Wataondoka kwa miguu yao wenyewe. We ngoja."

Sasa, Jemadari alikuwa amejifanya hakimu pia. Kila jioni alikaa karibu na meko, askari wamemzunguka, akala huku akiamua mashauri ya watu ambao hawakumwomba. Jioni hiyo Bi Pimbi akasimama mbele yake.

"Jemadari, nina shauri la kijiji kingine."

"Sema upesi, ugali unapoa."

"Kuna akina mama waume zao wamesafiri. Fisi wakaja, wakasema wanawalinda na wezi. Wezi wamekwisha, fisi wapo. Akina mama wanauliza, fisi waondoke?"

Jemadari akatafuna. "Waache wakae. Ulinzi ni kitu kizuri. Wawapikie."

"Wanafunua vyungu bila kuuliza."

"Askari ana njaa, mama."

"Haya, nimeelewa. Nitampelekea mkeo jibu hilo."

Meno ya Jemadari yakasimama. "Mke wangu?"

"Si ndiye mlalamikaji? Ni kwenu huko, baba. Nyati wote wenye pembe mko hapa. Mlimwacha nani mlangoni?"

"Fisi!" Tonge likamruka mdomoni. "Fisi anafunua chungu cha mke wangu? Kwetu hata mimi mwenye nyumba hubisha hodi jikoni!"

"Tulia, baba. Wameahidi kuondoa majeshi. Hatua kwa hatua. Sebuleni wameshatoka, wako chumbani."

"CHUMBANI!"

Askari mmoja akanyanyuka. "Na kwangu, mama?"

"Kwako ndiko walikonona."

"Kuondoa majeshi gani huko!" Jemadari akanguruma mpaka masufuria yakalia kwenye rafu. "Kuondoa ni kuondoa! Wote! Siku moja! Mpaka wa mwisho, na mlango ufungwe nyuma yake!"

"Wewe ndiye unayejua mambo ya kijeshi, baba. Mimi mpishi tu."

Hakusikia. Gidigidi gidigidi! Walitoka jikoni, wakatoka shambani, wakatoka kisimani, wengine na mboga mdomoni. Kabla ugali haujapoa, hakukuwa na nyati hata mmoja.

Kobe akatoa kichwa kwenye gamba. "Jirani, fisi wako huko kweli?"

"Nitajuaje? Sijawahi kufika."

"Umedanganya!"

"Wao walianza. Shika jembe."

Wakalima. Wakazungushia shamba ua wa miiba. Wakapanda, na mvua ikaja. Mtama uliota vizuri zaidi pale walipolala nyati, kwa sababu mavi yao walau hawakuyabeba.

Nyati nao walifika kwao wakihema, pembe mbele. "Fisi wako wapi?"

Wake zao walikuwa wamesimama milangoni, mikono kiunoni. "Fisi gani? Hapa pamekosekana waume tu."

Askari wakatazama. Mapaa yanavuja. Watoto wamerefuka, wengine hawawajui baba zao, wanajificha nyuma ya mama. Mmoja akatafuta makuti, mwingine akatafuta shoka, kila mtu akaingia kwake.

Jemadari peke yake akapiga kwato chini. "Tumechezewa na pimbi! Tukusanyike! Turudi!"

Akapuliza baragumu. Puuuu!

Kutoka juu ya paa askari mmoja akauliza, kamba mdomoni, "Turudi kufanya nini?"

"Kuwalinda!"

"Na nani?"

Jemadari akapuliza tena, puuuu, mpaka mashavu yakamuuma. Hakutoka mtu.

Mlango mmoja tu ulifunguka, wa kwake mwenyewe. Mkewe akachungulia.

"Acha kelele," akasema. "Mtoto amelala."

Mlinzi anayekataa kuondoka hatari ikiisha, hatari ni yeye.