Paa la Bwana Ofa

Ti. Kimya. Ti. Hivyo ndivyo sufuria ilivyokuwa ikipokea tone usiku kucha, na mama mwenye mtoto wa miezi mitatu alikuwa ameshaizoea sauti ile, hata akawa analala nayo. Kilichomwamsha usiku huo ni kwamba iliacha. Mvua bado inapiga bati, sufuria imenyamaza. Akapapasa gizani, mkono ukafika kichwani kwa mwanawe, akakuta kofia ya sufu imeloa chapachapa. Tone lilikuwa limepata njia nyingine, na tone likimwangukia mtoto halitoi sauti.

Nitawaeleza lilikotoka, ndugu zangu, na nitaeleza upesi, maana nikisita sitamaliza.

Mume wa mama huyo aliitwa Ambakisye. Alirithi kwa baba yake nyumba ndogo isiyo na dari, sebule na chumba, na paa la bati ambalo mzee alilipiga kwa mkono wake, kila msumari akauvika kipande cha mpira ili maji yasipite. Ni huko milimani ambako mvua ikija haipiti, inakaa. Ilikaa juu ya paa lile miaka ishirini na haikujua pa kuingilia.

Ambakisye akanunua televisheni. Kampuni ya kwanza ikamfungia dishi kwa boliti nne, na hapo hakuna ubaya, mtu amechoka na kazi ya kiwanda cha chai, arudi aone mpira. Baada ya miezi minne akasikia kampuni ya pili inatoa dishi bure, na mwezi wa kwanza bure, na mechi zote. Akahama. Fundi alipokuja akaombwa atumie matundu yaliyopo, akakataa kwa upole, akasema dishi lao linatazama upande mwingine wa mbingu. Basi likang'olewa la kwanza, matundu yake yakazibwa kwa sabuni ya mche, yakatobolewa mengine. Kisha ikaja kampuni ya tatu, yenye televisheni na intaneti kwa bei moja. Akahama. Ya nne intaneti yake ilikuwa na kasi zaidi. Akahama. Ya tano sijui ilikuwa na nini, nadhani hata yeye ameshasahau, ila ilikuwa ofa, na ofa ukilala unaamka imekwisha. Kila moja ilikuwa na upande wake wa mbingu na kila moja ilitaka matundu yake. Na mara zote tano Ambakisye aliwaambia mafundi watoboe juu ya chumba cha kulala, sebuleni wasiguse, kwa sababu sebuleni ndiko iliko televisheni.

Kijiweni walimwita Bwana Ofa. Asubuhi akipita kwenda kiwandani wanamuuliza, Bwana Ofa, leo tumeoa wapi, naye anacheka, kwa kuwa kweli alikuwa analipa kidogo kuliko wote waliomcheka. Nalisema hili tusije tukamwonea. Hesabu zake zilikuwa sahihi. Ni jambo moja tu hakuwahi kulifanya, hakuwahi kupanda juu ya paa lake mwenyewe. Waliopanda ni mafundi wa watu, wakishuka wanamwambia tayari mzee, washa, naye anawasha, picha inakuja safi.

Chumbani alilala mkewe, Sekela, na mtoto. Ambakisye tangu televisheni ifike alikuwa analala sebuleni kwenye kochi, televisheni ikimwangalia. Tone la kwanza kabisa lilinukia sabuni, na Sekela akatabasamu, akasogeza kitanda kidogo. Likaja la pili, akasogeza tena. Kitanda kikatoka dirishani kikaenda mlangoni, kikatoka mlangoni kikaenda ukuta wa sebuleni, mwishowe kikasimama katikati ya chumba kama kitu kilichosahauliwa na wenye kuhamisha vyombo. Nyumba nzima pahali pakavu pa kutosha kitanda palikuwa pamoja tu, kule sebuleni ilipokaa televisheni, na pale Sekela hakupagusa. Televisheni ikiloa ni balaa, mtoto akiloa anabadilishwa nguo. Ndivyo alivyojiambia. Siku moja alianza kusema habari za paa, mume akamjibu kwa furaha kabisa, bila hasira hata kidogo, kwamba ngoja kwanza, mwezi huu wote tunaangalia bure, na Sekela akaona haya kuiharibu furaha ile, akanyamaza, akatafuta sufuria ya pili.

Mtoto akaanza kukohoa. Kliniki nesi akamsikiliza kifua, akamuuliza mama kama nyumba yao inavuja. Sekela akasema haivuji. Alisema haraka sana, kana kwamba ameulizwa juu ya heshima ya mume wake, na nesi akaandika hivyo hivyo, haivuji.

Sasa ule usiku wa kofia iliyoloa ukapita, Sekela amekaa na mtoto kifuani mpaka kukakucha, hakumwamsha mtu. Asubuhi mvua ikakatika, na akaja fundi wa kampuni ya sita, kijana wa huko huko milimani, jina lake Lwitiko. Akaegemeza ngazi, akapanda na mashine yake ya kutobolea. Ikapita dakika nzima, mashine haijalia. Kisha akaita kwa sauti ya chini, akamwomba mwenye nyumba apande.

Ambakisye akapanda. Akakuta bati la baba yake limejaa matundu kama chujio, sabuni imeyeyuka zamani, imebaki michirizi myeupe. Akapiga magoti, akaweka jicho kwenye tundu moja. Chini akaona sufuria tatu na beseni, akaona kitanda katikati ya chumba, na mkewe ameinama anamkausha mtoto kichwa kwa kanga. Akauliza kupitia tundu lile kitanda kilihamia hapo lini. Sekela hakuinua uso.

"Kila ulipohama, na sisi tulihama."

Juu ya paa mume akainuka polepole. Lwitiko aliwahi kusema baadaye kwamba alidhani yule bwana amepata kizunguzungu, akamshika mkono asianguke. Kisha Ambakisye akashuka, akaingia sebuleni na viatu vyake vya matope, akachomoa nyaya, akaishusha televisheni sakafuni, akabeba kitanda peke yake akakiweka pale pahali pakavu. Fundi akaondoka na dishi lake.

Mtoto alilazwa siku sita. Nesi yule yule akauliza lile swali lake, na safari hii mama akajibu ukweli, na dawa ikabadilishwa. Akapona, namshukuru Mungu, ingawa kifua chake hadi leo mawingu yakikusanyika kinajua kabla yetu. Na paa, jamani, bati likishatobolewa halifungi kama ngozi ya mtu. Ambakisye alikaa masika yote akipanda na kushuka ngazi, akiziba tundu moja moja kwa lami na vipande vya mpira, kama baba yake. Alikuwa akiziba la leo, kesho linaonekana la mwaka juzi.

Wengi wakisikia habari hii humcheka Bwana Ofa, na kweli anachekesha. Mimi mwenzenu namwogopa zaidi yule aliyekuwa akisogeza kitanda. Maana kuhama alikohama mume kila mtu alikuona, dishi liko juu, linaonekana toka barabarani, ila kule kuhama kwa ndani, kidogo kidogo, usiku, bila kelele, nani alikujua? Wewe unayenisikiliza, kwako kitanda kimeshahama mara ngapi, na ulipoulizwa ulijibu nini? Niambie mimi tu. Naahidi sitamwambia mtu mwingine.