Hodi ya Tatu

Semeni "tupo", niseme "alikuwapo". Alikuwapo Mwanakheri, msuka mikeka, na bintiye mmoja tu, Mize.

Asubuhi moja akaja bibi anayenukia udi, buibui lake likiburuzika chini. "Mwanangu, mimi shangazi wa marehemu mumeo. Nipe Mize nikamtembeze, jioni namrudisha."

Mara kifuani mwa Mwanakheri kukapigwa hodi. Ulikuwa moyo wake. "Hodi, Mwanakheri! Mtazame miguu." Akaona haya kumkagua mgeni.

"Hodi! Mtazame miguu." Akajisemea, "Ah, wasiwasi tu huu."

"Hodi, mama wee!" Mwanakheri akainua uso, akatabasamu: "Mchukue, shangazi."

Nanyi mnajua, wenzangu, mwungwana akipiga hodi tatu asijibiwe, huondoka. Moyo ule ulikuwa na adabu zake. Ukaondoka.

Mize naye akaondoka, ameshikwa mkono. Mchangani zikabaki nyayo ndogo za mtoto, na kando yake alama za kwato za zimwi.

Hadi leo Mwanakheri hujipiga kifua kwa ngumi: "Hodi! Hodi! Hodi!" Hukaa akasikiliza. Humo ndani hakuna wa kumwambia karibu.