Kobe Aliyefanyiwa Arobaini

Hadithi yangu inabisha hodi!

"Karibu, ipite ndani!"

Ina miguu mingapi?

"Minne!"

Ina haraka?

"Haina!"

Basi kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako, mimi sirudii maneno.

Hapo kale, kale sana, watu na wanyama walipokuwa wakisemezana bila mkalimani, palikuwa na mama mmoja jina lake Mejumaa. Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka. Mumewe alikuwa amefariki, na binti zake wote wameolewa mbali. Nyumbani alibaki na Paka na Kuku. Paka alilala mchana kutwa. Kuku alichakura mchana kutwa. Mejumaa alisuka mkeka mpaka mwisho bila mtu wa kumwambia, "Pole na kazi." Alikuwa mpweke, na upweke ulimuuma.

Siku moja alikwenda porini kukata ukindu. Akamkuta Kobe katikati ya njia, anatembea, anapumzika, anatembea, anapumzika.

"Hujambo, mama," Kobe akasema.

"Sijambo. Unakwenda wapi na jua hili?"

"Popote. Pori letu limeungua. Natafuta mahali pa kukaa."

Mejumaa akamtazama. Akaona shingo yenye makunyanzi. Akaona kinywa kisicho na jino hata moja. Akasema moyoni, "Maskini, huyu ni mzee wa watu." Kumbe Kobe alikuwa kijana tu! Lakini nani aliyewahi kumwona kobe asiye na makunyanzi?

"Twende kwangu," Mejumaa akasema. "Utakuwa mgeni wangu." Akamtia kikapuni, juu ya ukindu, akaenda naye, na njia nzima alikuwa anatabasamu peke yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana mkipitwa na hili hamtaelewa kitu. Mejumaa hakuwahi kufuga kobe. Na kwao Mejumaa, mgeni haulizwi. Kumwuliza mgeni, "Unakula nini?" ni kama kumwambia, "Hatukutaki." Mgeni huandaliwa tu, halafu huhimizwa: kula, ongeza, bado hujala!

Na kwao Kobe, mgeni hakatai. Kukataa cha mwenyeji ni matusi makubwa. Hata ukiwekewa jiwe, unalilamba kidogo na kusema ahsante.

Mnaona balaa hilo? Mmoja haulizi, mwingine hakatai!

Asubuhi ya kwanza Kobe alitoka taratibu, akaenda mlangoni, akakaa pale jua linapopiga mapema. Gamba likapata joto, roho ikamtulia. Lakini mahali pale palikuwa pa Paka. Paka alikuja akinyoosha mgongo, akakuta pamekaliwa. Akamsukuma Kobe kwa kichwa. Kobe hakusogea. Akamsukuma kwa makalio. Kobe hakusogea. Paka akaondoka amenuna, na tangu hapo akaanza kufikiri, na Paka akianza kufikiri, jueni mtu ataumia.

Mejumaa akawa anapitapita jikoni. "Nimwandalie nini mgeni wangu?"

Paka akajipitisha miguuni pake. "Mama, mzee asiye na meno anapewa nini? Uji wa maziwa! Mzito, tena bakuli kubwa."

Kuku, aliyekuwa anachakura uani, akainua shingo:

"Ko-ko-ko, mwulize mwenyewe!
Ko-ko-ko, mwulize mwenyewe!"

"Toka hapa!" Mejumaa akasema. "Mgeni aulizwe, kwani hapa hotelini?"

Akapika uji wa maziwa, akamwekea Kobe. "Kula, baba. Ongeza. Bado hujala!"

Kobe akatazama bakuli. Maisha yake yote hajapata kunywa maziwa. Akaonja. "Ahsante, mama. Mtamu sana." Tumbo lake likanguruma. Mejumaa alipogeuka, Paka akalimaliza bakuli lote. Mejumaa aliporudi akakuta bakuli jeupe, akafurahi mno. "Amekula wote! Kesho nitaongeza!"

Kesho akaongeza. Keshokutwa akaongeza. Paka akanenepa. Kobe akakonda, akawa anaendesha, na uchungu wa tumbo akauficha ndani ya gamba.

Mejumaa akaona mgeni amelegea. "Ana nini mzee wangu?"

Paka akaja tena, akajipitisha miguuni. "Mama, wazee hawana shida nyingine ila baridi na jua. Mtoe pale mlangoni. Mweke ndani, uvunguni, mfunike kanga mbili."

Na Kuku huko uani:

"Ko-ko-ko, mwulize mwenyewe!
Ko-ko-ko, mwulize mwenyewe!"

"Kuku, nitakuchinja!" Mejumaa akasema, ingawa hakuwa na nia hiyo.

Akambeba Kobe, akamweka uvunguni, akamfunika kanga mbili, na nyingine ya tatu kwa mapenzi. Kobe akasema, "Ahsante, mama. Pana giza zuri." Akakaa humo siku tatu bila kuliona jua. Macho yakavimba. Pua ikatoa kamasi. Gamba likapoa.

Na mlangoni, penye jua la asubuhi, nani aliyelala chali, tumbo juu, mikono imekunjwa?

"Paka!"

Enhe. Mwizi wa maziwa na mwizi wa jua.

Basi, wapenzi wangu, mama huyu alikuwa anamuua mgeni wake kwa mapenzi. Alimpenda kweli. Alikuwa akikaa kando ya kitanda anasuka na kumsimulia habari za binti zake, naye Kobe alikuwa akijibu, "Enhe, mama. Halafu?" Tangu afiwe na mumewe hakuna aliyemwambia "halafu." Akimpoteza huyu, nyumba inarudi kuwa kimya, naye alilijua hilo.

Siku zile kiangazi kilikuwa kimekaza. Ardhi imepasuka, majani yamekauka. Na kobe, kiangazi kikikaza, hufanya jambo moja: huingia ndani ya gamba, hujifukia, hulala mpaka mvua. Hivyo ndivyo walivyofanya babu zake. Kobe akaona hiyo ndiyo nafasi yake ya kukimbia uji bila kumkosea mtu adabu.

Akamwita. "Mama, umenitendea mengi. Ahsante kwa yote. Sasa naomba nipumzike." Akaingiza kichwa. Akaingiza miguu. Kimya.

Mejumaa akamsubiri siku ya kwanza. Akagonga gamba. "Hodi?" Kimya. Siku ya pili akagonga. "Hodi, baba?" Kimya. Siku ya tatu akagonga kwa mikono miwili. "Hodi! Hodi! Hodi!" Kimya kabisa.

Paka akatia uso wa huzuni. Mnaujua uso wa huzuni wa paka? Ni ule ule wa siku zote. "Mama, jikaze. Mzee ametutoka. Si ulimsikia mwenyewe akiaga? Tumzike, na siku ya arobaini tupike samaki, watu wale vizuri."

Na Kuku, safari hii juu ya ukuta, sauti imemkauka:

"Ko-ko-ko, mwulize mwenyewe!
Ko-ko-ko, mwulize mwenyewe!"

"Nimwulize maiti?" Mejumaa akalia. "Kuku, huna hata haya!"

Akapiga ukemi. Majirani wakaja mbio. Jirani yake, Mbodze, akachungulia ndani, akauliza, "Nani amefariki?"

"Mgeni wangu."

"Mgeni yupi? Mimi naona kobe."

"Ndiye huyo!"

Mbodze akabana kicheko kwa ncha ya kanga. Lakini alipoona machozi ya mwenzake ni ya kweli, akakaa chini, akamshika mkono. Wakaenda nyuma ya nyumba, kwenye udongo tifutifu, chini ya kivuli cha michongoma. Mejumaa hakuwa na moyo wa kumfukia sana. Akachimba kidogo tu, akamlaza, akamfunika udongo kiganja kimoja kimoja.

"Nilikupa vyote nilivyonavyo," akasema. "Sijui nilikosea wapi."

Na huko chini Kobe akapata alichokikosa tangu aje. Pakavu. Kimya. Hakuna uji. Akalala usingizi wa raha, tumbo lake likajitengeneza lenyewe.

Zikapita siku kumi, Mejumaa hakusuka. Zikapita siku ishirini, akasuka nusu mkeka, akaufumua. Zikapita siku thelathini, Mbodze akaja kumwamsha kwa nguvu.

Siku ya arobaini ikafika. Masufuria yakapangwa uani, wali wa nazi, samaki wa kukaanga, na mchuzi. Watu wakaja. Wengine walikuja kwa huzuni, wengine walikuja kwa samaki, mimi simtaji mtu. Paka alikuwa wa kwanza kufika na wa karibu kabisa na masufuria.

Mara mbingu zikanguruma. Tone moja. Matone mawili. Halafu mvua ya kwanza ya masika ikamwagika, fuu! Watu wakakimbilia barazani. Na nyuma ya nyumba udongo ukatikisika, ukainuka, ukapasuka. Kikatoka kichwa. Ikatoka miguu. Kobe akajikung'uta, akanywa maji ya mvua kwenye kidimbwi, akanywa tena, akazunguka nyumba polepole mpaka uani.

Akaona watu. Akaona masufuria. "Hodi hapa. Poleni. Msiba wa nani?"

Loo! Mbodze aliruka juu ya kinu. Watu wakakanyagana. Mzee mmoja akatoka mbio na sahani yake, wala hakumwaga mchuzi.

"Msiba wako!" Mejumaa akasema, na mwiko ukamdondoka.

"Wangu? Nani amesema?"

Macho yote yakamgeukia Paka. Alikuwa na samaki mzima mdomoni, hakuweza kujibu.

Kuku akateremka ukutani, akayasema yote, uji na uvungu na mlango wa jua. Alikuwa ameyabeba siku nyingi, yakatoka kwa mfululizo, bila hata kuvuta pumzi.

Mejumaa akakaa chini kwenye tope. Alicheka, akalia, akashika kichwa. "Na wewe! Kwa nini hukuniambia? Uji ulikuwa unakuua!"

"Kwetu mgeni hakatai, mama."

"Na kwetu mgeni haulizwi."

Wakatazamana. Mvua ikanyesha. Mejumaa akaona aibu, kisha akaona woga, maana alielewa jinsi alivyokaribia kumpoteza, na kama si kiangazi angempoteza kweli. Akajifuta uso.

"Basi kuanzia leo wewe si mgeni," akasema. "Ni mtu wa nyumba hii. Unasikia? Na mtu wa nyumba hii nitamwuliza. Haya, unakula nini?"

Kobe akafikiri kwanza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza. "Majani, mama. Mchicha, majani ya kunde, magugu unayong'oa shambani na kuyatupa. Na maua, siku ukiwa na furaha. Maji niwekee kwenye sinia, yasipite magoti yangu. Asubuhi jua, mchana kivuli. Maganda ya mayai ya Kuku uyasage, yanatia nguvu gamba. Na kiangazi, niache nilale."

"Na wewe una umri gani, mzee wangu?"

"Mimi? Mimi bado mtoto, mama."

Watu walicheka mpaka wali ukapoa.

Mejumaa bado hakuamini. Akataka kuhakikisha. Akapakua sahani ya wali, akaweka samaki juu, akaiweka mbele ya Kobe. "Kula, mwanangu. Ongeza."

Kobe akaitazama sahani. Akamtazama Mejumaa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kutoka ardhini.

"Sitaki," akasema.

Mejumaa akapiga vigelegele! Akapiga mara ya pili, Mbodze akampokea, na uani kote kukawa na shangwe, mvua juu yao, hakuna aliyejali.

Na Paka je? Paka hakupigwa. Mejumaa alimkalisha kitako kwenye mkeka mpya, kwa heshima zote, akamwekea bakuli la mchicha mbichi. Asubuhi mchicha, mchana mchicha, jioni mchicha, siku tatu. "Kula, baba. Ongeza. Bado hujala!"

Tangu siku ile, Mejumaa na Kobe waliishi pamoja miaka mingi. Yeye alisuka, Kobe alitafuna, na kila baada ya maneno machache ulisikia sauti ndani ya ile nyumba: "Enhe, mama. Halafu?"

Hadithi hii inatufundisha nini? Ukimchukua kiumbe na kumweka nyumbani kwako, usimpe unachokipenda wewe, wala anachokitaka Paka. Mwulize mwenyewe. Asiye na maneno, mtazame anapokwenda na anachochuma, hayo ndiyo majibu yake. Na wewe unayependwa, jifunze kusema hutaki, usije ukazikwa kwa adabu yako.

Hadithi yangu naishusha hapa, mzigo si wangu tena. Penye utamu gawaneni sawasawa. Penye chumvi nyingi, ni mkono wangu, nisameheni.